Naombeni ushauri: feni ya pawa saplai ya kompyuta itazame juu au chini?

Mpigapicha wa Mwanza
Habari zenu wakuu. Nipo Mwanza, kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi. Nimeagiza keisi mpya ya kompyuta Kariakoo, imefika salama kwa basi, na vitu vyote natoa kwenye keisi ya zamani naweka humu. Nimekwama kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme. Ile ya zamani ilikaa juu, feni inatazama ndani, sikuwa na la kuwaza. Hii mpya nafasi yake iko chini kwa nyuma, na sakafu ya keisi ina wavu wenye chujio. Feni itazame chini kwenye wavu au niigeuze itazame juu? Kila video ninayoangalia ina lake. Pawa saplai ni ya wati 650, feni ya milimita 120. Jumamosi nina harusi ya watu na video wanaitaka mapema, siwezi kubahatisha. Mimi binafsi naelekea juu. Nisaidieni.

Binti Pongwe
Ngoja waje wataalamu, nimekaa mbele kabisa.

Fundi Bisibisi
Chini, mkuu. Ule wavu umewekwa kwa ajili hiyo. Feni ya pawa saplai inavuta hewa kuingiza ndani yake, kisha joto linatokea mgongoni pale penye soketi ya waya. Ikitazama chini inavuta hewa ya chumbani, nje ya keisi, ambayo ni ya baridi kuliko hewa iliyokwisha kupita kwenye kadi ya grafiki. Na lile chujio unalichomoa, unalikung'uta vumbi, unalirudisha bila kufungua keisi.

Mzee wa Kisosora
Vijana mnapenda kugeuza mambo. Miaka yote tumefunga pawa saplai juu, feni inatazama ndani, inasaidia kutoa joto la prosesa. Tatizo kubwa zaidi ni ile swichi nyekundu ya nyuma ya kuchagua volti, 115 au 230. Nilikuwa Tanga mjini nikaletewa kompyuta ya mtumba kutoka Marekani, swichi iko 115, mwenye mali kaichomeka ukutani kabla sijamwambia neno. Ulilia mlio mmoja, moshi, na mtaa mzima ukatoka nje kuangalia. Kijana, kagua swichi kwanza, hayo ya juu na chini baadaye.

Fundi Bisibisi
Shikamoo mzee wangu. Hiyo hadithi ni ya kweli na mashine za namna hiyo bado zipo sokoni, ila pawa saplai nyingi za sasa hazina swichi hiyo, zinapokea volti 100 mpaka 240 zenyewe. Na zama zile pawa saplai ikikaa juu ilibidi ivute joto la wenzake, haikuwa na pengine pa kuvuta. Ndiyo maana waliihamishia chini.

Dogo Kiwembe
Weka juu bro, ukinunua yenye taa za rangi bibi harusi atapendeza mpaka kwenye kompyuta 😂

Kamanda UPS
Nyie wote mnazunguka. Anunue UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, na stabilaiza. Umeme ukicheza hakuna feni itakayomuokoa, iwe juu, chini au ubavuni. Mimi nyumbani hata friji iko kwenye stabilaiza.

Fundi Bisibisi
Mleta mada, hujajibu. Kwa nini unaelekea juu? Na keisi inakaa wapi?

Mpigapicha wa Mwanza
Inakaa sebuleni.

Fundi Bisibisi
Sebuleni wapi? Sakafuni, mezani, juu ya zulia?

Mpigapicha wa Mwanza
Kwenye kabati la TV. Ndani. Seremala ametengeneza chumba chake maalumu chenye mlango na kufuli. Nina watoto wadogo wakuu, mmoja ameshawahi kuzima mashine video ikiwa inatoka. Kabati limelipiwa, mama watoto amelipenda, na kwa kweli limependezesha nyumba. Kwa hiyo suala la kabati tuliache, tujadili feni.

Mzee wa Kisosora
Mwanangu, feni na kabati ni kitu kimoja.

Fundi Bisibisi
Tusaidiane hesabu. Chukua mashine yako ikiwa kazini inahitaji wati 400 kutoka pawa saplai, na pawa saplai ina ufanisi wa asilimia 85. Ukutani itavuta kama wati 470. Zile 70 zinageuka joto ndani ya pawa saplai yenyewe. Zile 400 zinageuka joto kwenye prosesa, kadi na vinginevyo. Zote 470 zinabaki ndani ya kabati lako lililofungwa kufuli. Ni kama kufungia pasi humo, imewaka nusu nguvu, saa zote unazotoa video. Feni yoyote itazame popote, itavuta hewa ileile iliyochemka, itaitema, itaivuta tena. Mgongo wa kabati una uwazi?

Mpigapicha wa Mwanza
Kuna tundu la kupitisha waya. Ndiyo maana nikasema juu! Kwa chini hakuna hewa kabisa, keisi imegusa ubao.

Binti Pongwe
Imegusaje ubao? Keisi si zina miguu?

Mpigapicha wa Mwanza
Miguu niliitoa. Keisi ilizidi kimo cha chumba kidogo tu, bila miguu ikaingia sawasawa. Ni miguu ya mpira tu ile, sikuona kama ina kazi.

Mama Pili wa Geita
Kaka yangu, mficha uchi hazai. Umeanza na juu na chini, watu wanaumiza vichwa, kumbe keisi umeikata miguu ukaifungia kabatini. Ungesema tangu mwanzo, Fundi angekuwa amekwisha kukujibu. Na mashemeji zangu wanaume mna tabia hii hata hospitali.

Fundi Bisibisi
Miguu ndiyo inayoupa ule wavu wa chini nafasi ya kupumua. Ukiitoa, chujio limelala juu ya ubao na feni inavuta patupu. Rudisha miguu.

Mpigapicha wa Mwanza
Nikirudisha haitaingia. Nimeshaazima drili. Matundu ya skrubu kwa nyuma yamekaa upande mmoja tu, nikigeuza pawa saplai mawili hayakutani. Nilitaka kutoboa mapya. Na lazima nifanye kitu, maana ikifika katikati ya kutoa video inazima yenyewe, haiwaki mpaka nisubiri.

Sihongeki
Simamisha uzi. Mwanzo ulisema ndiyo kwanza unahamisha vitu kwenye keisi mpya na hujui feni iwekwe vipi. Sasa inazima katikati ya video? Inazima vipi wakati haijafungwa? Hii ni chai. Ama wewe ni muuzaji wa pawa saplai Kariakoo, baada ya muda atatokea mwenzako kukwambia "nunua ya wati 850 kwa fulani, namba hii hapa". Tumeshayaona.

Dogo Kiwembe
Nilishahisi. Chai ya maziwa kabisa. Picha au tufunge.

Kamanda UPS
Chai au si chai, UPS inunuliwe.

Mama Pili wa Geita
Muwe na ustaarabu jamani. Mtu mwenye harusi ya watu mkononi anakosa hata mpangilio wa maneno.

Mpigapicha wa Mwanza
Sihongeki, siuzi chochote na hakuna namba ya mtu hapa. Nilishafunga vitu vyote kwenye keisi mpya, feni ikitazama chini, nikaiingiza kabatini, ikaanza kuzima. Nikaitoa, nikafungua pawa saplai, sasa ipo mezani na ndipo nikaandika uzi. Sikutaja kuzima kwa sababu najua mngeniambia nibadilishe pawa saplai, na hela yote imeishia kwenye kabati. Picha hizi hapa: moja keisi ubavuni, ya pili kabati, ya tatu mgongo wa keisi na yale matundu.

Sihongeki
Nimeziona. Kabati ni la kweli, na kitambaa cha kufuma juu ya TV hakidanganyi. Naondoa neno chai. Ila Fundi, iangalie hiyo picha ya kwanza, kuna bati limefunika sehemu yote ya chini.

Fundi Bisibisi
Asante Sihongeki, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote humu. Mleta mada, lile bati la ndani linalotenganisha pawa saplai na mazabodi (ile bodi kuu ya kompyuta), kwako halina matundu. Limezibwa lote. Ukigeuza feni itazame juu itakuwa imetazama bati, kwa umbali wa vidole viwili. Utakuwa umeihamisha kutoka kukabwa na ubao, imekwenda kukabwa na bati. Drili rudisha kwa mwenyewe. Hata matundu kutokutana ni dalili: kwa vipimo vya ATX vya keisi na pawa saplai, vilivyotolewa na Intel mwaka 1995, zile skrubu nne hazikupangwa sawasawa, kwa hiyo keisi inayokubali kugeuza pawa saplai huwa na matundu ya pande zote mbili. Yako imetengenezwa kwa chini tu. Na ukitoboa bati mashine ikiwa ndani, unga wa chuma ukiingia kwenye mazabodi utalia kuliko yule wa Tanga.

Mzenji wa Maskati
Assalaam aleikum. Niongeze kidogo, mimi nipo Maskati na kiangazi cha huku nje kinapita digrii 40 bila taabu. Nimefanya kazi ya kufunga mashine za ofisi huku. Pawa saplai huandikiwa wati zake kwa joto fulani, nyingine digrii 40, nyingine 50. Hewa inayoingia ikizidi hapo, zile wati 650 za kwenye karatasi usizitegemee. Nzuri zina ulinzi: zikichemka zinajizima, na nyingine hazikubali kuwaka mpaka zipoe. Hivyo ulivyoeleza ndivyo inavyofanya. Kwa hiyo, ndugu yangu, huenda pawa saplai yako ni nzima kabisa na inajilinda. Usiitupe.

Mpigapicha wa Mwanza
Mzenji umenipa pumzi. Nilishaanza kutafuta wa kumkopa.

Fundi Bisibisi
Namuunga mkono Mzenji. Jaribu leo: funga feni ikitazama chini, rudisha miguu, weka mashine mezani nje ya kabati, toa video moja ndefu. Isipozima, mchawi ni kabati. Ikizima, hapo tuzungumze habari ya pawa saplai yenyewe, na prosesa pia, maana nayo ikichemka inazima mashine.

Mpigapicha wa Mwanza
Wakuu, imetoa video nzima ya send-off mpaka mwisho, haikuzima. Mgongoni hewa inatoka ya moto ila si ile ya kuunguza. Lakini watoto wapo palepale, na mama watoto ameuliza kwa nini kabati liko tupu. Sitaki kuliacha.

Mama Pili wa Geita
Usiliache. Mrudishe seremala. Lile ubao la katikati si limeshikwa na skrubu? Alishushe, miguu itaingia.

Fundi Bisibisi
Mama Pili kamaliza. Ubao ushuke, na chini ya wavu wa pawa saplai akate tundu lenye ukubwa wa ile feni au zaidi, keisi isimame juu yake na miguu yake. Mgongo wa kabati autoe wote kwa chumba hicho, na kabati lisogezwe kutoka ukutani upana wa kiganja. Mlango wa mbele abadilishe ubao aweke wavu wa chuma au fito, kufuli libaki. Hapo watoto hawafiki kwenye swichi na hewa inapita mbele kwenda nyuma.

Mpigapicha wa Mwanza
Mgongo na tundu la chini nimekubali, seremala anakuja jioni. Mlango wa fito nitazungumza na mama watoto kwanza, ule ubao aliuchagua yeye.

Fundi Bisibisi
Basi mpaka mkubaliane, ukitoa video mlango uwe wazi na wewe uwepo hapo. Ijumaa usiku usije ukaniandikia.

Kamanda UPS
Na UPS?

Fundi Bisibisi
Kamanda, na UPS pia, akipata hela ya harusi. Hiyo ni kweli, umeme ukikatika video ikiwa inatoka anaanza upya.

Binti Pongwe
Fundi, yangu iko sakafuni juu ya zulia la manyoya, feni inatazama chini, miguu ipo. Nimeinama kuangalia, manyoya yamegusa wavu. Nifanyeje, niigeuze?

Fundi Bisibisi
Kwanza niambie, bati la juu ya pawa saplai lina matundu au limezibwa?

Binti Pongwe
Lina matundu. Na skrubu zina nafasi pande zote mbili.

Fundi Bisibisi
Basi wewe ungeweza kugeuza. Ila weka kipande cha plaiwudi chini ya miguu kwanza, kipite ukubwa wa keisi kidogo pande zote, uone. Na hilo chujio lichomoe leo leo, nina wasiwasi nalo.

Binti Pongwe
Nimelichomoa. Nakuja na picha.