Kupekua roli za sarafu jioni na familia: walio Marekani, tupeane uzoefu

Wakuu, tunanunua benki roli (mafungu ya sarafu yaliyofungwa kwa karatasi) na kupekua ndani kutafuta sarafu za zamani au za madini ya fedha (silva): mnaanza na sarafu ipi, na watoto waangalie nini? Maelezo ya kazi tu.

Mzee wa Senti: Anzeni na senti moja. Roli ina 50, na boksi zima la benki lina roli 50, yaani dola 25 tu. Fungueni roli moja, mmalize, ndipo ya pili. Zikichanganyika hamtajua ipi ilipungua. Za 1909 hadi 1958 zina masuke ya ngano nyuma, mtoto asiyejua kusoma anaziona. Ya 1943 ni ya chuma, hunaswa na sumaku. Mwaka msumbufu ni 1982: kuna za shaba za gramu 3.11 na za zinki za gramu 2.5, sura ileile. Hapo ni mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, macho hayasaidii.

Mtazama Ukingo: Mkuu, senti sawa, ila anayetaka madini ya fedha aende nusu dola, 20 kwa roli. Zisimamisheni kwenye trei mtazame kingo: ya kawaida ina mstari wa shaba, ya 1964 kurudi nyuma ni nyeupe tupu (fedha asilimia 90). Za 1965 hadi 1970 zina asilimia 40, na ukingo wake hudanganya, kwa hiyo someni mwaka. Senti 10 na senti 25 zenye fedha ukomo ni 1964.

Lenzi: Kwa senti 5 ukingo hausemi kitu. Tafuteni herufi kubwa P, D au S juu ya kuba la jengo lililo nyuma, miaka ya 1942 hadi 1945: fedha asilimia 35. Ya 1942 isiyo na herufi hiyo juu ya kuba ni ya kawaida, msiitenge.

Mzee wa Senti: Naongeza: msizisugue. Hata sabuni na kitambaa huacha mikwaruzo, na mnunuzi huiona papo hapo.

Mama Trei: Msirudishe sarafu kwenye tawi mnakonunulia, mtauziwa zilezile. Tengeni benki ya kununua na ya kurudishia, na hesabuni kabla ya kufunga upya, maana roli huja pungufu au na sarafu ya Kanada ndani. Wa chini ya miaka mitatu asikae mezani. Senti 10 humezwa kirahisi. Wengine wanawe mikono wakimaliza.