Naomba ushauri: pumu kwa nyanya na kwa mjukuu

Hamjambo wanakikundi. Niko Nakuru, upande wa Lanet, na kiangazi hiki vumbi ni la kutisha. Nyumbani wenye pumu ni wawili: mama mkwe, amepita miaka 60, na kijana wangu wa gredi ya tatu.

Wote waliandikiwa inhela mbili. Ya bluu ni ya kufungua kifua kikibana. Ya kahawia ni ya kuzuia, huvutwa kila siku hata ukiwa mzima. Mtoto anavuta vizuri kwa speisa (kile kichupa cha plastiki kinachochomekwa kwenye inhela), kisha anasukutua mdomo. Mama ya kahawia ameitia kabatini. Anasema dawa ni ya mgonjwa, na leo yeye hajambo! Ya bluu ndiyo haimtoki kwenye leso, na usiku bado anaamka akikohoa. Jiko la makaa nimelitoa nje, daktari amemweleza, wapi.

Wenye wazazi wa namna hii, mliwashawishi vipi bila kuonekana mnawaamrisha?

Pia, mwalimu humkalisha mtoto kando wakati wa michezo, na inhela yake hufungiwa ofisini. Barua ya kliniki inatosha, au niombe kikao na mwalimu mkuu?