Mjadala: Anayeunganisha ofisi za serikali apewe tuzo, au tutakuwa tunawatuza watiifu?

MLETA MADA (Dodoma Mjini)

Wakuu, habari za jioni. Mada hii nimetembea nayo tangu Mei Mosi iliyopita, leo naitua.

Kila mwaka tunachagua mfanyakazi bora. Idara inapendekeza mtu wake, idara zinashindanishwa, taasisi inatoa jina, kisha cheti, na bahasha ikiwepo. Utaratibu huo sina ugomvi nao. Ila macho yake yanaishia ndani ya ofisi moja. Kazi iliyofanyika kati ya ofisi na ofisi haina idara ya kuipendekeza.

Na tuliofanya kazi kwenye kata tunajua kwamba ugumu wote uko hapo katikati. Barabara za vijijini na mijini ziko TARURA tangu 2017. Maji ya vijijini yako RUWASA, chini ya Wizara ya Maji, tangu 2019. Shule za msingi na zahanati ziko halmashauri. Mkuu wa wilaya ni wa Serikali Kuu, diwani kachaguliwa na wananchi, na mtendaji wa kata yuko chini ya mkurugenzi lakini anaitwa na wote hao. Mwananchi hiyo mipaka haioni. Anamwona mtendaji.

Nilikuwa afisa maendeleo ya jamii katika kata moja ya mkoa huu. Mkandarasi akaleta greda kuchonga barabara kabla ya mvua, greda likakata bomba kuu la maji. Ilikuwa Novemba, na jua la Dodoma la Novemba mnalijua. Kila upande ulikuja na karatasi zake, na kwa karatasi hizo kila upande ulikuwa sahihi. Maji hayakutoka.

Mtendaji wetu wa kata, mama mmoja mpole sana, alipanda bodaboda siku tatu mfululizo kwa nauli ya mfukoni mwake, akapeleka barua kwa mkono ofisi kwa ofisi, mpaka akawaketisha wote chini ya mbuyu wa kijiji. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, na akina mama walikuwepo na ndoo zao tupu. Hakumlaumu mtu. Aliuliza tu: nani ana bomba, na nani ana fundi? Siku ya tano maji yalitoka. Mei Mosi iliyofuata jina lake halikufika hata mezani. Idara yake ilikuwa na mtu mwingine, na zile ofisi alizoziunganisha haziwezi kupendekeza mtu asiye wao.

Wenzetu Marekani wana chama cha wanataaluma wa utawala wa umma, ASPA, tangu 1939. Ndani yake kuna kitengo kinachoshughulika na mahusiano ya ngazi za serikali, na kitengo hicho kinatoa tuzo yenye jina la Donald Stone. Kinachonivutia ni kwamba anayeitoa si mwajiri, ni wenzako wa taaluma. Umoja wa Mataifa nao una tuzo za utumishi wa umma tangu 2003, ila zile zinakwenda kwa taasisi. Mama yule si taasisi.

Hoja yangu: tuanzishe tuzo ya namna hiyo, tuanzie mkoa wa Dodoma. Itolewe na wanataaluma, na anayestahili apendekezwe na ofisi isiyo yake. Mnasemaje?

MCHANGIAJI (mwalimu, Kongwa)

Mbukwenyi wote. Mimi napinga, tena kwa uchungu. Niliwahi kutangazwa mfanyakazi bora mbele ya umati, nikapewa cheti na ahadi ya fedha. Cheti kipo ukutani. Fedha sijaiona hadi leo, na nimeacha kuulizia kwa sababu kila nikiulizia naonekana mtovu wa shukrani. Watumishi wanadai malimbikizo, wanadai fedha za uhamisho, wanadai nauli za likizo. Huyo mama mnayemsifu alitumia nauli yake. Mrudishieni nauli kwanza, ngao baadaye.

MCHANGIAJI (Bahi)

Naunga mkono hoja. Lakini mbona sisi wananchi hatumo? Mkutano mkuu wa kijiji nao upendekeze. Tuliokaa bila maji ni sisi.

MCHANGIAJI (mstaafu, sekretarieti ya mkoa)

Mleta mada, umesema vizuri, lakini niruhusu nikuoneshe shimo lilipo. Nilikuwa kazini ilipokuja Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Mkoa ukatakiwa kuwa mshauri na msaidizi wa halmashauri, usiwe bwana wake. Kuelewa hilo kulituchukua muda mrefu, sisi wa mkoani na wao wa halmashauri. Sasa ukisema unatuza mahusiano, atakayeibuka ni nani? Ni mkurugenzi ambaye hajawahi kusema hapana. Mwenzake anayeandika barua kwamba fedha hii baraza la madiwani limeshaipangia kazi, siwezi kuihamisha kwa maelekezo ya mdomo, huyo ataonekana mkorofi.

Halmashauri za wilaya zilivunjwa 1972, tukaingia madaraka mikoani, yaani wilaya zikaendeshwa na maofisa wa Serikali Kuu, na hazikurudi mpaka zilipopatikana sheria za 1982. Miaka ile hapakuwa na ugomvi kati ya Serikali Kuu na halmashauri ya wilaya, maana halmashauri yenyewe haikuwepo. Utulivu wa namna hiyo hautaki tuzo.

La pili liko hapa hapa mjini. CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliundwa 1973, na kwa miaka mingi kiwanja kilikuwa chake, huduma za Manispaa. Pande zote mbili walikuwepo maofisa waadilifu waliokuwa wakipigiana simu na kusaidiana. Hata hivyo mwananchi mwenye shida moja alikuwa na milango miwili ya kubisha. Jambo lilimalizika Mei 2017, CDA ilipovunjwa na kazi zake kupelekwa Manispaa. Naogopa tuzo itakayomsifu hodari wa kuziba nyufa, halafu hakuna anayeuliza msingi ulijengwaje.

MLETA MADA

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma mara mbili, na nakubali kubadilisha hoja. Hiyo tuzo isipime nani anapatana na nani. Ipime jambo lililokwama likakwamuka, na kukataa kwa maandishi kuhesabiwe iwapo kulimlinda mwananchi. Na kila anayetuzwa, waamuzi waandike pengo gani la sheria au utaratibu lilimlazimu kufanya kazi ile, waraka huo ufike TAMISEMI, wenye dhamana ya serikali za mitaa. Waamuzi tunao: Chuo cha Serikali za Mitaa kiko Hombolo, ALAT, jumuiya ya serikali za mitaa, ipo tangu 1984. Ndugu yangu wa Bahi, mkutano wa kijiji naupokea bila ubishi.

Mwalimu, la nauli umenishinda, irudishwe kwanza. Lakini tuzo ninayoisema haina bahasha ya kuahidiwa. Nilimtembelea yule mama alipokaribia kustaafu, nikamuuliza angependa angepewa nini. Akaniambia angetaka barua moja kwenye faili lake, yenye saini tatu: ya mtu wa maji, ya mtu wa barabara, na ya mwenyekiti wa kijiji. Nimelitazama faili hilo. Lina barua mbili za kumtaka ajieleze, na zote mbili ni za kutoonekana kituoni zile siku alizokuwa kwenye bodaboda.