Tupeane uzoefu: kodi yako ilifikaje kwenye toleo la programu huria?

Mtoa mada: Wakuu, habari za jioni. Najua humu kuna watu wenye pachi (marekebisho ya kodi) ndani ya miradi mikubwa, na wengine ndio walioshika funguo za kutoa toleo. Nataka sehemu ambayo video za YouTube hazifundishi: ukishaandika kodi, kinatokea nini mpaka imfikie mtumiaji? Nadharia tuziache.

Fundi wa Dereva: Mimi nilipeleka pachi ndogo ya dereva (programu inayoendesha kifaa) kwenye kernel, yaani kiini cha Linux. Kule hakuna kitufe cha kubonyeza. Unatuma kwa barua pepe, maandishi matupu, na chini unaweka mstari wa Signed-off-by na jina lako, kuthibitisha una haki ya kuileta. Gmail ya kwenye kivinjari hugeuza tabu kuwa nafasi, pachi inaharibika, kwa hiyo zoeeni git send-email, amri ya kutuma pachi, mapema. Wa kumtumia utaambiwa na skripti ya get_maintainer.pl.

Msimamizi akajibu kwamba kodi haina shida, ila maelezo hayasemi kwa nini inahitajika. Kuyaandika upya kulinitoa jasho kuliko kodi yenyewe! Alipokubali nikajua kesho iko hewani. Thubutu. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, hupokea mapya kwa wiki 2 (ndilo dirisha), kisha zinafuata rc1 hadi rc7 hivi (rc ni toleo la majaribio), moja kila wiki, za kurekebisha tu. Dirisha likikupita, unangoja mzunguko mwingine, wiki 9 au 10.

Mama Toleo: Niseme wa upande wa pili, natunza maktaba ndogo ya kodi ya lugha ya Python. Kodi wengi wanaleta. Kazi ya kutoa toleo hakuna anayeigombania.

Kisa cha xz, programu ya kubana mafaili, cha Machi 2024 kilinibadilisha. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa siri, na kipande cha kuuamsha kilikuwa ndani ya furushi la toleo (faili ambalo watu hupakua), kwenye Git, ghala la kodi, hakipo. Ungesoma Git usiku kucha usingekiona. Andres Freund, mtengenezaji wa programu, aliunasa baada ya kushangaa kuingia kwenye seva kwa SSH kumekuwa kuzito, kama nusu sekunde ya ziada. Siku hizi furushi letu linajengwa na seva moja kwa moja kutoka kwenye tagi (alama ya toleo ndani ya Git), halitoki kwenye laptopu ya mtu, hata yangu.

Mtafsiri: Mimi kodi sijui, natafsiri tu. Kabla ya toleo, maneno ya kwenye skrini hufungwa ili watafsiri tumalize. Mradi mmoja (siutaji) mtu alibadilisha sentensi baada ya kufunga, Kiswahili chetu kikatoka na viraka vya Kiingereza. Lawama tukapewa sisi!

Mgeni: Pole dada. Jamani, pachi yangu ya kernel imekaa kimya, niwakumbushe?

Fundi wa Dereva: Ngoja ipite wiki nzima kwanza. Kama dirisha liko wazi, ongeza siku, muda huo wamezidiwa.