Kikundi: Lupango ya Nkambo

Yaya Béa 18:02
Jambo ba ndugu. Mama mumoja wa korali, kule Golf, anatupatia mutoto wa imbwa. Dume, mama yake ni berje. Anakuya siku ya posho. Bezi banaruka ukuta wetu kama kwao, banajua hakuna wa kubweka. Tuchange mbele afike, si kisha.

Yaya Béa 18:05
Nilipita kwa dokta wa nyama. Hesabu yake: chanjo ya utoto mara tatu, dola 15 kila moja, ni 45. Chanjo ya kichaa 10. Dawa ya minyoo 8. Mukanda, mukufu, sahani, javeli: 22. Jumla 85. Wenye kazi tuko sita. 15 kila mutu, ile 5 inayobaki ni ya transpo.

Yaya Béa 18:05
Namba yangu ya M-Pesa munaijua.

Yaya Béa 18:47
Alama za bulu ninaziona. Mumesoma.

Fabrice (Kolwezi) 19:15
Iko rangi gani

Yaya Béa 19:16
Mweusi na mweupe. Tuma 15.

Fabrice (Kolwezi) 19:16
MAZEMBE!!! Jina limepatikana. Anaitwa Kunguru

Trésor 19:18
Mu lupango ya Nkambo hakuna imbwa ya Mazembe itakayokula bukari. Marehemu Papa alikuwa mutu wa Lupopo mpaka kwenye soksi. Atafufuka.

Fabrice (Kolwezi) 19:19
Mumupake njano na bulu basi 😂

Nadège 19:19
😂😂😂

Yaya Béa 19:22
Nimeuliza makuta, munanijibu mpira.

Héritier 19:31
Yaya Béa, alizaliwa lini?

Yaya Béa 19:33
Ana wiki tano. Anakula tayari, nilimuona kwa macho yangu analamba uji.

Héritier 19:36
Kulamba uji si kuachishwa. Asitoke mbele ya wiki 8. Kwa mama na ndugu zake njo anajifunza kupima nguvu ya meno: akiuma sana, wanamukatalia mchezo. Ukimutoa sasa, hiyo shule itafanyikia kwenye mikono ya batoto wetu.

Yaya Béa 19:37
Héritier, siku ya posho nilishasema ndiyo.

Héritier 19:44
Mwambie iwe ndiyo ya wiki tatu mbele. Na zile chanjo tatu musizione kama dokta anatafuta makuta. Ya kwanza inapigwa kati ya wiki 6 na 8, kisha kila wiki 3 ao 4, mpaka afikishe wiki 16. Maziwa ya mama yanamuachia kinga, na ile kinga inazuia chanjo kushika. Kwa mumoja inaisha mapema, kwa mwingine inachelewa, na kwa macho huwezi kujua. Njo maana tunarudia. Ukilipa moja ukaacha, umelipia bure. Ya kichaa ni kwenye wiki 12, na mwaka ukiisha anarudi. Minyoo: kila wiki mbili mpaka wiki 12, kisha kila mwezi mpaka miezi 6.

Trésor 19:46
Aksanti Dokta wa mwaka wa pili 🙏

Héritier 19:46
Wa tatu.

Nadège 19:58
Mimi nina 5. Na mbele niitume, niulize kitu. Makuta ya Sultani, imbwa yetu ya zamani, yaliendaka wapi?

Trésor 20:01
Tunarudi tena pale?

Nadège 20:02
Sisi hatukutokaka pale, Yaya Trésor. Karburatere ilipona, imbwa ikakufa.

Trésor 20:03
Niliyarudisha.

Nadège 20:03
Kwa nani?

Trésor 20:05
Mama Odile alikuwa pale. Aseme.

Mama Odile 20:14
Muko muzuri banangu? Nani anajua bei ya mufuko wa makala leo

Fabrice (Kolwezi) 20:15
💀

Héritier 20:20
Tuache makuta kidogo. Sultani alitapika, akahara damu, kwa siku tatu akaisha, si vile? Hiyo inafanana sana na parvo. Na virusi ya parvo inalala mu udongo miezi mingi, hata kupita mwaka. Alikuwa anafungwa wapi?

Yaya Béa 20:22
Chini ya mwembe. Na huyu nilimupangia palepale, kuna kivuli.

Héritier 20:25
Apana Yaya. Chini ya mwembe asikanyage mpaka amalize chanjo zote. Akae kwenye baraza ya simenti. Simenti muioshe mbele na sabuni, kisha javeli iliyochanganywa na maji, muiache dakika 10 ingali na maji. Udongo hata uumwagie bidoni nzima, uchafu unakula nguvu ya javeli. Na asitembezwe njiani kusalimia imbwa za batu.

Fabrice (Kolwezi) 20:31
Kunguru anaishi kama mufungwa. Bobi wa Papa aliishi miaka 11, hakuona sindano hata moja, alikula bukari na mifupa, akafa na uzee

Trésor 20:33
Kweli hii. Ile 10 ya kichaa tuitoe, Béa. Tuanze na za lazima.

Nadège 20:34
Leo ninakubaliana na Trésor, andikeni tarehe.

Yaya Béa 20:36
Sawa, ya kichaa tutaangalia mwaka ujao. Basi 75. Nani anatuma leo?

Yaya Béa 20:52
Nani anatuma leo?

Nkambo 21:05
🎤 Sauti (2:12)

Fabrice (Kolwezi) 21:09
Mega imeisha, sauti haifunguki. Nkambo anasema nini? Mutu aniandikie

Héritier 21:24
Nkambo anasema hivi: "Nilikuwa na mudogo wangu, kule Jadotville, mbele haijaitwa Likasi. Imbwa ya jirani ilimuluma mu muguu. Kidonda kidogo, kikapona, tukasahau. Kisha akaanza kuogopa maji. Mama anamuletea kikombe, koo linajifunga, analia. Wiki haikuisha. Alikuwa na miaka saba. Huyo mutoto wa imbwa ninyi mumulete, sikatai. Bila ile sindano, mulango wangu hatapita. Nimemaliza."

Yaya Béa 06:12
Nkambo, tumesikia.

Trésor 06:30
Tumesikia Nkambo. Utusamehe.

Nadège 06:41
Sikujuaka kama Nkambo alikuwa na mudogo mwingine.

Mama Odile 06:58
Alikuwa anaitwa jina la Papa yenu. Njo Papa alichukua jina yake.

Héritier 07:15
Batoto wakilumwa, hata na huyu wetu, hata akiwa anacheza: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 mukiangalia saa, kisha hospitali siku ileile. Dalili zikishatoka, hakuna tena dawa.

Fabrice (Kolwezi) 11:48
Nimetuma 10. Ni ya kichaa peke yake, Yaya usiiguse kwa kitu kingine. Ile 5 mwisho wa mwezi

Yaya Béa 11:50
Imefika. Aksanti.

Trésor 12:07
Yangu nitaleta kwa mukono.

Nadège 12:08
Mukono gani?

Yaya Béa 12:15
Trésor, mimi usinipe. Peleka kwa dokta mwenyewe, ulete karatasi yenye mhuri. Na wote mufanye vile, sitaki kushika makuta ya mutu. Nadège, hata 5 yako.

Trésor 12:16
Kwa hiyo mimi ni mwizi.

Yaya Béa 12:16
Nimesema wote.

Tonton Jean-Claude (Liège) 14:20
Jambo famiya. Imbwa gani?

Yaya Béa 14:22
Tonton, panda juu usome.

Tonton Jean-Claude (Liège) 14:51
📷 Picha
Naweza kuwatumia hii. Huku imbwa wanavaa wakati wa baridi.

Fabrice (Kolwezi) 14:53
Jaketi ya njano!!! Tonton naye ni Lupopo 😭

Trésor 14:54
Tonton tunakupenda.

Yaya Béa 15:10
Tonton, baridi ya Lubumbashi anaiweza. Tuma 15, ao 30, mbele ya jaketi.

Mama Odile 17:40
Makala imepanda.

Yaya Béa 18:20
Nimeongea na yule mama wa Golf. Anakubali kumuweka wiki tatu zingine, lakini huyo mutoto wa imbwa na ndugu zake wanamumalizia chakula. Anaomba tupeleke unga na ndagala. Siku ya posho ninaenda kumuona, nani ananisindikiza na kilo ngapi?

Nadège 21:33
Hiyo ndagala iko ndani ya 85 ao nje?