Tupeane uzoefu: kwenye usajili, mnaziba pengo au mnachukua kipaji bora kilichopo?

Katibu wa Mchangani

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi ni katibu wa timu ya ligi ya wilaya huku Temeke. Dirisha linakaribia kufungwa, hela iliyopo inatosha mchezaji mmoja wa maana, labda na nauli ya wa pili, na kamati imegawanyika. Upande mmoja unataka mshambuliaji mwenye jina, jamaa amewahi kucheza Championship, ligi inayofuata chini ya Ligi Kuu, na akitajwa kijiweni watu wanageuka. Sisi wengine tunataka kiungo mkabaji.

Nieleze kwa nini. Msimu mzima nimekuwa na daftari. Kila goli tunalofungwa naandika mpira ulipotea wapi, aliyepoteza ni nani, na nani alitakiwa awe pale hakuwepo. Zaidi ya nusu ya magoli yanafanana. Beki wa kulia amepanda, mpira unapotea katikati, wapinzani wanatembea nao hadi mbele ya mabeki wetu wa kati bila mtu hata wa kuwasumbua. Baada ya mechi mashabiki wanawatukana mabeki wa kati. Ukilisoma daftari unaona wale vijana wanalaumiwa bure, maana kila shambulio linawakuta wawili dhidi ya wanne.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba orodha ya mahitaji itoke kwenye mechi tulizocheza. Majina yaje baadaye. Na pengo analoacha mtu si lazima lizibwe na mtu wa namba ileile. Yanga mwaka 2023 walimpoteza Mayele, kaenda Pyramids ya Misri, mtu aliyetoka kuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika. Nchi nzima ikapiga kelele namba tisa, namba tisa. Walileta washambuliaji, ndiyo, lakini walioibeba timu walikuwa watu wa nyuma ya mshambuliaji: Pacome na Maxi waliosajiliwa dirisha lile, na Aziz Ki aliyekuwepo tayari, ambaye alimaliza ligi na magoli 21 na kiatu cha mfungaji bora. Ubingwa ukabaki Jangwani, kwa Yanga.

Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya usajili, kufundisha, au kusajiliwa mwenyewe, alete aliyoyaona. Mambo ya kweli, tafadhali, tuna uamuzi wa kufanya.

Mnyama Damu

Naunga mkono, na ushahidi uko Msimbazi, kwetu Simba. 2021 tumetoka kuchukua ubingwa wa nne mfululizo, tukawaachia Chama na Luis Miquissone kwa mpigo, mmoja Berkane ya Morocco, mwingine Al Ahly ya Misri. Wakaja watu wengi, wengine wazuri tu, ila hakuna aliyekuwa akifanya kazi ya wale wawili: kupokea mpira katikati ya msitu wa watu, kugeuka, kupasia mbele. Msimu ule Yanga walichukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Chama alirudi dirisha dogo la Januari 2022 lakini maji yalishamwagika.

Na upande wa pili wa hoja yako nao nimeuona. 2024 kipa Ayoub Lakred kaumia kwenye maandalizi ya msimu, uongozi ukamleta haraka Moussa Camara kutoka Horoya ya Guinea. Pengo lilionekana, likazibwa na mtu sahihi, na msimu huohuo tukafika fainali ya Shirikisho. Tulifungwa na Berkane, mbili bila kwao, moja moja Amaan, Zanzibar, inauma mpaka leo. Lakini bila kipa wa uhakika tusingefika kule.

Dada Kipa

Kaka Katibu, shikamoo kwa daftari. Sisi wa soka la wanawake ngazi ya mtaa tungekuwa na makatibu wa hivyo tungekuwa mbali.

Mimi nafundisha wasichana Morogoro. Huku kwetu hakuna hela ya usajili, kuna kuomba wazazi. Kwa hiyo swali la pengo au kipaji kwetu linakuja kwa sura nyingine: binti mwenye kipaji unaye, ila wote wanataka kucheza mbele. Kila anayekuja mazoezini ni winga. Langoni hakuna anayetaka kukaa.

Nilichofanya ni kwenda uwanja wa netiboli. Kuna binti alikuwa anacheza ulinzi wa goli kule, mrefu, mikono yake inaushika mpira wa juu kama yuko peke yake uwanjani. Hajui teke. Nikaongea na mama yake kwanza, kwa sababu binti huwezi kumchukua hivi hivi, mama anataka kujua mazoezi yanaisha saa ngapi na nani anamrudisha nyumbani. Alipokubali, kazi ikawa moja: kumfundisha kuanguka. Netiboli hawaanguki. Tulimpeleka kwenye mchanga wa kando ya mto, tunamrushia mpira chini kushoto, chini kulia, anaanguka ubavu, anainuka. Wiki za mwanzo alikuwa anaanguka kwa viwiko, tukamfungia vitambaa. Mipira ya juu sikumfundisha kitu, alikuja nayo.

Sasa hivi ndiye nahodha. Mpira wa kona tukipigiwa mabeki wangu hawana wasiwasi tena, wanasikia tu sauti yake, "Wangu!", wanampisha.

Kwa hiyo mnaposema sokoni hakuna kipa, hakuna namba sita, yaani kiungo mkabaji, mtazame na viwanja vya jirani. Pengo lako linaweza kuwa na mtu ambaye bado hajaitwa mchezaji wa mpira wa miguu.

Mwana wa Uvira

Jambo ndugu zangu. Mimi ni Mkongo, nakaa Houston, Texas. Huku nimejifunza kuangalia mpira wao wa Marekani kwa sababu ya watoto wangu, na mabishano yenu haya ndiyo wanayobishana huku kila Aprili.

Kwao mchezaji anayetoka chuo hachagui timu. Kuna drafti, raundi saba, na timu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo inachagua kwanza. Kila timu ina orodha mbili kichwani: orodha ya mapengo yake, na orodha ya wachezaji bora waliobaki. Zikigongana ndipo makelele yanaanza.

Timu ya hapa, Texans, mwaka 2022 ilishinda mechi 3, ikafungwa 13, ikatoka sare 1. Tulidhani tutachagua wa kwanza kabisa, lakini mechi ya mwisho wakashinda kule Indianapolis, 32 kwa 31, wakashuka hadi nafasi ya pili. Watu walikasirika! Kushinda kumewaharibia. Drafti ilipofika wakamchukua C.J. Stroud, kwotabeki, yule anayepokea mpira na kuamua aurushe kwa nani. Hilo lilikuwa pengo ambalo hata mtoto aliliona. Kisha dakika chache baadaye wakanunua nafasi ya tatu kutoka Arizona, wakamchukua Will Anderson, mkabaji wa kumwinda kwotabeki wa wenzao. Walilipa ghali mno, pamoja na chaguo lao la raundi ya kwanza la mwaka uliofuata. Redio za hapa watu walisema wamefilisi kesho ya timu.

Msimu uleule timu ikashinda 10 na kufungwa 7, ikaongoza kundi lake, ikaipiga Cleveland 45 kwa 14 kwenye mtoano. Stroud akawa chipukizi bora wa ushambuliaji, Anderson chipukizi bora wa ulinzi. Wote wawili wa timu moja.

Lakini msikilize na sehemu ya pili. 2024 Stroud aliangushwa akiwa na mpira mkononi mara 52. Waliotakiwa kumlinda hawakutosha. Una mrushaji mzuri kuliko wote, akiinua kichwa tayari mtu yuko kifuani. Ndiyo maana drafti ya 2025 raundi ya pili wakachukua na mlinzi wa mstari wa mbele, Ersery. Katibu, daftari lako ningelipeleka kwa wale mabwana.

Katibu wa Mchangani

Ndugu yangu wa Uvira, asante sana, hii ya kuangushwa mara 52 naisoma kwenye kikao neno kwa neno. Swali: kuna timu iliyochukua kipaji bora wakati haina pengo pale, na ikafaulu? Maana wenzangu wa upande wa mshambuliaji watauliza.

Mwana wa Uvira

Ipo, nisikufiche. Green Bay mwaka 2005. Walikuwa na Brett Favre, kwotabeki mkubwa, hajaumwa, hajastaafu. Zamu yao ikafika, ya 24, Aaron Rodgers bado hajachukuliwa. Wakamchukua. Alikaa benchi misimu mitatu. 2008 akapewa timu, na Februari 2011 wakabeba Super Bowl, ubingwa wa ligi yao, naye.

Ila walikuwa na nafasi ya kusubiri misimu mitatu. Ligi ya wilaya inasubiri?

Kocha wa Likoni

Nami nisimame upande huo wa pili, Katibu, unisamehe. Nafundisha vijana hapa Likoni. Kulikuwa na kijana wa darasa la mwisho la sekondari, winga, nami mawinga ninao hadi wa kuazimisha. Wenzangu wakanambia, huyu wa nini, tafuta beki wa kushoto. Nikawajibu, beki wa kushoto niliyeletewa ni wa kawaida kila kitu, na huyu kijana akigusa mpira wachezaji wenzake husimama kumtazama. Nikamchukua.

Sikumwacha winga. Nilimshusha nyuma kidogo kidogo. Mwanzo kwenye mechi za kirafiki tu, dakika za mwisho, timu ikiwa inaongoza. Nikamwekea kiungo mzee wa upande ule amwongoze kwa mdomo, "panda, rudi, mwangalie nyuma yako". Alichukia, akanuna, baba yake akaja uwanjani kuniuliza mbona mwanawe hafungi tena. Nikamketisha mzee, nikamweleza kwamba mawinga Mombasa ni wengi kuliko magari ya matatu, lakini beki wa kushoto anayejua kupiga pasi anatafutwa pwani nzima. Mzee akaelewa kabla ya mwanawe.

Sasa ndiye beki wangu wa kushoto, na mashambulizi yetu yanaanzia kwake. Pengo nilikuwa nalo, nikalijaza na kipaji ambacho hakikuwa cha pale. Kipaji ukikiacha kinakwenda kwa jirani, utakutana nacho kwenye dabi.

Mnyama Damu

Kocha umeongea. Ila kumgeuza mtu kunataka muda na kocha anayejua anachofanya. Timu ngapi za mtaani zina kocha wa hivyo? Nyingi kocha ndiye huyohuyo mweka hazina.

Jezi Namba 4

Mimi naongea kama mchezaji. Nimecheza ndondo, yaani mashindano ya mpira ya mtaani, Dar kwa miaka, beki wa kati. Niwaambie kitu ambacho kamati huwa hazikioni.

Timu tuliyokuwa nayo tulifanya mazoezi pamoja msimu mzima, asubuhi kabla ya kazi, wengine wanatoka gereji, wengine sokoni. Tukafika robo fainali ya kombe la mbuzi. Mfadhili akafurahi, akaleta mamluki wanne, wote washambuliaji, wote viatu vipya. Hawakuwa wabaya. Walijua mpira kutuzidi. Lakini hakuna aliyejua kwamba beki wetu wa kulia akipanda, yule kiungo wa kulia anabaki. Tulishaelewana bila kusemeshana, na kiungo yule ndiye aliyewekwa benchi kumpisha mamluki.

Tulifungwa matatu, yote upande ule. Waliokaa benchi hawakurudi mazoezini wiki iliyofuata, na timu ikafa taratibu bila mtu kuitangaza kifo chake. Mamluki walilipwa wakaondoka na bodaboda zao.

Kwa hiyo Katibu, kabla hujauliza nani aje, uliza akija nani anatoka, na huyo anayetoka alikuwa anafanya kazi gani ambayo haionekani kwenye magoli. Mshambuliaji wenu wa Championship akija na wewe huna namba sita, mtamtoa kiungo mmoja ili yeye acheze. Hapo mmelikuza lile pengo mara mbili.

Na jambo la mwisho, barua ya kuachiwa. Msimpe mtu hata shilingi kabla klabu yake haijamwandikia barua mkaishika mkononi. Nimeona timu inapokwa pointi kwa mchezaji mmoja mwenye leseni mbili.

Dada Kipa

Hili la nani anatoka nalichukua. Sijawahi kulisikia likisemwa hivyo kwenye kikao chochote.

Katibu wa Mchangani

Wakuu, mrejesho. Kikao kilikaa jana usiku. Nilisoma daftari lote, goli kwa goli, na nikasoma maneno ya Jezi Namba 4 kama yalivyo. Mwenyekiti, ambaye ndiye alikuwa upande wa mshambuliaji, alinyamaza kwa muda halafu akauliza, "Akija huyu, tunamtoa nani?" Hakuna aliyekuwa na jibu.

Tumekubaliana hivi. Hela inakwenda kwa kiungo mkabaji, kijana wa Mbagala, ana pumzi, anaongea uwanjani, na klabu yake iko tayari kuandika barua. Nauli iliyobaki tunamletea kijana mmoja wa mtaani ambaye kocha anasema ni kipaji cha kweli ingawa anacheza nafasi ambayo tumejaa, kwa hiyo Kocha wa Likoni, nakutafuta pembeni unieleze ulivyomshusha yule winga, hatua kwa hatua. Mshambuliaji mwenye jina ameambiwa kwa heshima tuonane dirisha dogo, akatuelewa.

Mazoezi Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Barua ikitoka leo jioni, fomu inapelekwa chama cha wilaya kesho asubuhi. Wengine wenye uzoefu wa kumwingiza namba sita mpya kwenye timu iliyokwishazoeana, endeleeni kuleta, hasa mechi mbili tatu za mwanzo mlimpangaje.