Mjadala: Utafiti uliofanywa kwetu, uhesabiwe kabla haujarudi kwetu?

Mleta hoja, wakala wa forodha

Assalam alaykum, na habari za jioni nyote.

Hoja yangu ni hii. Mhadhiri au mwanafunzi wa uzamili akikusanya maelezo kwa watu wa Mombasa, makala yake isihesabiwe kumpandisha cheo wala kumpa shahada mpaka aje asome matokeo mbele ya watu hao hao, kwa Kiswahili, nao wamuulize.

Kilichonisukuma ni jarida la kitaaluma nililotumiwa na jamaa yangu. Ndani ya toleo moja mna makala ya ufundishaji wa shule za msingi, nyingine ya nguvu za boriti za zege, na nyingine ya teknolojia ya ugavi. Mwandishi hulipa ada ndipo makala itoke. Najiuliza ni mhariri gani anayeyajua yote matatu kiasi cha kumwambia mtu "hapa hesabu yako si sawa". Wapo wanaosema majarida ya mseto yapigwe marufuku basi. Mimi naona marufuku hayatamsaidia mtu wa Changamwe hata chembe.

Sisi wa klirini, yaani wa kuondosha mizigo bandarini, hojaji hizi twaletewa sana. Swali huwa: "Mfumo wa kidijitali umeongeza ufanisi katika uondoshaji wa mizigo," kisha uweke alama, kuanzia nakubali kabisa hadi sikubali kabisa. Sasa chukua kontena moja la mitumba. Uzito ulio kwenye manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, haulingani na ulio kwenye hati yangu ya forodha, na mfumo unaikataa hati. Manifesti siwezi kuigusa, ni ya wakala wa meli. Namwandikia barua, anataka ada ya marekebisho, kisha marekebisho yenyewe yasubiri kukubaliwa forodhani. Huku siku za bure bandarini zinakwisha, ada ya stoo yaanza, na ya kuchelewesha kontena yaifuata nyuma. Kompyuta ni nzima na intaneti ipo. Kilichokwama ni ruhusa ya kurekebisha tarakimu. Alama niweke wapi?

Tulikuwa na Simba, mfumo wa kompyuta wa forodha, kuanzia 2005. Dirisha moja la biashara likazinduliwa 2014, kisha mfumo mpya wa forodha, iCMS, ukaja kuchukua nafasi ya Simba. Kila mara kazi yetu ilibadilika, na swali la hojaji halikubadilika. Mtafiti angesimama mbele ya mawakala nusu saa tu, angeambiwa swali lake limeikosa shida yenyewe. Wahakiki wa jarida hawawezi kulijua hilo. Hawajawahi kuisubiri manifesti.

Mhadhiri wa uhandisi

Ndugu yangu, uchungu wako nauelewa, lakini dawa yako itaua mgonjwa.

Kwanza, mseto si dhambi. Nature limekuwa likichanganya fani tangu 1869, na PLOS ONE, lililoanza 2006, hupokea karibu kila sayansi na hutoza ada. Tofauti ni kwamba makala hupelekwa kwa wanaoijua fani hiyo. Tatizo ni jarida lisilohakiki kitu. Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon alieleza katika jarida la Science jinsi alivyotunga utafiti bandia wenye makosa ya wazi akautuma kwa majarida 304. Yaliyoukubali ni 157. Hapo ndipo pa kupigania: kamati za vyeo zisome makala yenyewe badala ya kuhesabu idadi.

Pili, Ibara ya 33 ya Katiba inalinda uhuru wa taaluma na wa utafiti wa kisayansi. Leo waseme nisome matokeo ukumbini, kesho mwenye jengo nililolipima alete vijana wake wanizomee, na shahada ya mwanafunzi wangu ining'inie hapo. Uzito unaobebwa na boriti haupigiwi kura.

Tatu, kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, tayari kina sharti la kuwasilisha ripoti. Tusimwongezee mtafiti mlango mwingine wa kubisha hodi.

Fundi mjenzi, Kisauni

Mwalimu, kwa heshima yako. Ripoti ikienda Nairobi mimi wa Kisauni naipata wapi?

Wacha niseme ninachokiona kila siku. Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Fort Jesus ipo tangu miaka ya 1590. Kuta zile hazina nondo za kushika kutu. Sisi leo twapandisha ghorofa kwa zege na nondo, na bahari iko hapo hapo. Kuna tajiri anayetaka mchanga wa bei rahisi, unaletwa usiku, ukiutia ulimini ni chumvi. Maji ya kukorogea yanatoka kisimani, nayo ni ya chumvi vile vile. Nguzo ikikauka inapendeza kabisa. Baada ya miaka waona ufa mwembamba ukiifuata nondo kwa urefu, halafu doa la rangi ya kutu, halafu kipande cha zege chadondoka na nondo yachungulia. Kwa sababu kutu huvimba, inataka nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, na zege halina pa kwenda ila kupasuka.

Wanafunzi huja saiti. Wanaomba mchanga wanatia kwenye mfuko, wanamwaga zege kwenye kalibu za michemraba, wanaondoka na michemraba yao ipondwe siku ya 7 na ya 28. Watoto wazuri, wana adabu. Hakuna aliyerudi kuniambia ule mchanga uko vipi. Nami kesho yake nautumia.

Mimi simtaki mtu apige kura juu ya hesabu. Nataka kuambiwa.

Mwalimu wa shule ya msingi, Likoni

Naunga mkono, ila nina wasiwasi. Tangu mtaala mpya uanze 2019 tumehojiwa juu ya vitabu, vishikwambi, wazazi, kila kitu. Wanaingia darasani katikati ya kipindi, watoto wanajaza karatasi, basi. Hatujawahi kurudishiwa hata ukurasa.

Wasiwasi wangu ni posho. Mkiita mkutano Mombasa hii, swali la kwanza ni nauli na soda. Mtafiti akianza kulipa watu waje, watampigia makofi tu. Hilo mmelifikiria?

Mwanafunzi wa uzamivu

Nawaomba muone na upande wetu. Hapa Kenya twadaiwa makala zilizochapishwa kabla ya kuhitimu. Majarida mazuri huchukua miezi na miezi kutoa jibu, na karo haisubiri. Ndiyo maana wenzetu wanakimbilia yale ya kulipia, yanayojibu ndani ya siku chache. Mkiongeza sharti la ukumbi bila kupunguza lile jingine, mtakaowaumiza ni sisi, na majarida hayo yatazidi kupata wateja.

Mhadhiri wa uhandisi

Fundi, jambo lako ni zito, na silijibu kwa maneno ya jumla. Kuponda mchemraba ni kupima nguvu. Zege laweza kupasi vizuri siku ya 28 na chumvi imo ndani, inangoja nondo. Chumvi ina kipimo chake mbali, cha maabara. Mchanga ukishukiwa huoshwa kwa maji matamu kisha ukapimwa tena, na maji ya kisima cha chumvi hayafai kabisa kwa zege lenye nondo. Zingatia pia unene wa zege lililofunika nondo: ukiacha nondo ilale karibu na mbao za kalibu, umeipa chumvi njia fupi.

Nikubali hivi: kurudi kwa watu ni wajibu wa mtafiti. Kuufanya sharti la cheo, hapo bado napinga.

Mleta hoja

Ahsanteni. Mwalimu wa chuo, tazama kilichotokea sasa hivi. Fundi ameuliza jambo ambalo michemraba yote ile haikumjibu, nawe umemjibu kwa aya moja ya Kiswahili anachoweza kukitumia kesho saiti. Hakuna aliyekuzomea. Kilichokosekana ni wewe kuwa na sababu ya kuja, na cheo ndiyo sababu ambayo vyuo vyetu vinaijua. Wajibu usio na sharti tumeshauona: ndio huo mwalimu wa Likoni anaousema, miaka yote hii bila hata ukurasa.

Lakini nimesikia, na hoja nairekebisha. Makala ya nadharia au ya maabara tupu isiguswe. Sharti liwe kwa utafiti uliochukua maneno, muda au vifaa vya watu. Watu wasiidhinishe wala wasikatae chochote. Kinachohesabiwa ni kwamba mtafiti alikuja, akasoma, na maswali aliyoulizwa yakaandikwa na kuambatishwa kwenye makala anapoiwasilisha kwa kamati. Hapo uhuru wa taaluma haujaguswa, na kamati inapata kitu cha kusoma zaidi ya jina la jarida. Mwanafunzi wa uzamivu, kikao kimoja chenye maswali yaliyoandikwa kihesabiwe badala ya makala moja mnayodaiwa. Hilo nalisimamia.

Posho isiwepo. Mtafiti wa shule aende kwenye mkutano wa wazazi ambao utafanyika hata hivyo, wa ugavi aje kwenye vikao vyetu vya mawakala, wa ujenzi aende saiti saa ya chakula cha mchana. Kurasa mbili za Kiswahili zibaki hapo, zibandikwe ukutani. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilitokana na taasisi iliyoanzishwa enzi za ukoloni kuwafundisha ufundi Waislamu wa Afrika Mashariki, na hati ya chuo kikuu kikaipata 2013. Ufundi na mtaa havijawahi kuwa mbali na pale Tudor kilipo chuo hicho, kwa hiyo siombi jambo geni.

Ninalotaka kusikia sasa ni kwa wanaokaa kwenye kamati za vyeo, kama wamo humu. Maswali ya mafundi yakiambatishwa kwenye faili la mhadhiri, mtayasoma? Na fundi, kabla hilo halijajibiwa, ule mchanga usiutumie. Muulize mhadhiri maabara gani hapa mjini inapima chumvi na kwa shilingi ngapi, tuandike hapa hapa kila mtu aone.